Upana wa Punje ya Uwele

Naikumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipopiga goti kwenye vumbi la Nkuhungu, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli kilichojibana ubavuni mwa mashine ya kusaga, nikiwa na spana ya spoki mkononi na imani kwamba hakuna kitu kisichonyooka kikipewa muda na umakini. Naikumbuka kwa sababu ndiyo siku nilipoonywa juu ya imani hiyo kabla haijamdhuru mtu.

Wiki hii umekuja kwangu na baiskeli uliyoinunua kwa mwanafunzi mwenzako, gurudumu la mbele likiyumba, na video kwenye simu inayoonyesha namna ya kulinyoosha. Ukaniambia, "Mama, nifundishe, nataka nijitengenezee mwenyewe." Nikakujibu kwamba nina sura ya tasnifu ya kumalizia. Haikuwa kweli. Sikutaka unione nikiishika spana tena. Hapo chuoni mnaniita Mama kwa kuwa nimerudi kusoma nikiwa na mvi, na mnadhani mtu mwenye mvi ameshamalizana na mambo yake. Nimeona nikuandikie kwanza. Spana nitakupa ukishasoma.

Baba yangu, Mzee Yoeli, alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali mpaka alipostaafu. Barua za mji huu alizipeleka kwa baiskeli aliyoinunua kabla sijazaliwa. Uzeeni goti lake la kulia liliharibika: kutembea kulimuuma, kukanyaga pedeli hakukumuuma. Yeye alieleza jambo hilo kwa kusema kwamba goti lake liliajiriwa na baiskeli, halina mkataba na ardhi. Kwa hiyo baiskeli ile haikuwa chombo cha usafiri tu. Ndiyo iliyokuwa miguu yake.

Na miguu hiyo ilikuwa na safari moja isiyokosekana. Kila Jumapili baada ya ibada, Baba alitoka Nkuhungu kwenda Miyuji kumwona dada yake, Shangazi Raheli, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kwa miaka mingi. Aliketi naye nyuma ya nyumba, kando ya mizabibu yake michache, akamsomea Biblia na gazeti la wiki iliyopita. Kusema kweli walisoma kidogo na kubishana sana: ni nani kati yao aliyepoteza ndama wa baba yao, ni nani aliyelamba mlenda kwenye chungu. Ndugu zao wengine wote walikuwa wameshazikwa. Kumbukumbu ya utoto wao ilikuwa imebaki kwenye vichwa viwili tu, na kila Jumapili vichwa hivyo vilikutana kwa sababu baiskeli ilikuwa inatembea.

Ringi ya mbele ilikuwa imepinda tangu siku nyingi. Kila mzunguko iligusa raba ya breki, tsha, tsha, tsha. Mimi sauti ile ilinikera. Ilinikera kuliko ilivyostahili, kwa maana mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, na msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura ya tatu kwa mara nyingine, akiniambia hoja yangu haijanyooka. Niliiandika upya mchana kutwa, nikabadilisha maneno, nikayarudisha yaleyale. Nadhani ndiyo sababu nilienda kwa fundi. Nilitaka angalau kitu kimoja maishani mwangu kinyooke.

Fundi huyo aliitwa Mzee Swalehe. Alitoka Kolo, kule Kondoa, akiwa kijana, na baiskeli ya Baba aliishika miaka yote ile. Nilipomwamkia na kumwambia nataka anifundishe, alinitazama miguuni mpaka kichwani.

"Marahaba. Msomi ashike grisi? Chuo kimefungwa?"

"Hakijafungwa, mzee. Nataka nijue mwenyewe."

"Haya. Kaa chini. Wasomi wakisimama hawasikii."

Akalipachika gurudumu, akalizungusha, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akafumba macho. Kwa ukucha wa kidole gumba alizigonga spoki moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu nyuzi za zeze. "Hii inasema. Hii inasema. Hii imelala. Hii, loo, hii inapiga kelele, imebeba mzigo wa wenzake." Akanionyesha kwamba spoki za upande huu huivuta ringi huku, na za upande ule huivuta kule, na kwamba ukitaka kuihamisha ringi lazima uanze kwa kulegeza upande mmoja ndipo ukaze upande mwingine, nusu mzunguko, si zaidi.

"Kulegeza kwanza, binti. Watu wengi wanajua kukaza tu."

Tulifanya kazi ile asubuhi nzima, nikikosea naye akicheka. Mwishowe akaniondolea spana mkononi. "Imetosha."

"Bado inayumba, mzee."

"Kiasi gani?"

Nikainama, nikapima kwa jicho. "Kama upana wa punje ya uwele."

"Basi iachie punje yake. Ringi hii imepigwa na makorongo miaka mingi. Ukiilazimisha inyooke kabisa, utazipa spoki tatu kazi ya spoki thelathini na mbili. Nazo hazitakwambia zimechoka. Zitakaa kimya mpaka siku yao."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, neno kwa neno. Kuandika jambo na kulitii ni kazi mbili tofauti, mwanangu, nami nilikuwa nimezoea kupewa alama kwa ile ya kwanza.

Alhamisi iliyofuata Baba alikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Alichukuliwa na mwenzake kwa pikipiki, baiskeli ikabaki uani. Nikaigeuza, tandiko na usukani chini. Nilikuwa nimenunua spana yangu. Nikafunga kalamu kwenye uma wa mbele kwa kipande cha mpira, ncha yake ikielekea ringi, ili nione kosa dogo kabisa. Kisha nikaanza kukaza. Nilijua napaswa kuanza kwa kulegeza. Nilijua, nimekwambia nilikuwa nimeandika. Lakini nati za spoki zilikuwa na kutu, zilikubali kukazwa kuliko kulegezwa, na kulegeza kulionekana machoni pangu kama kurudi nyuma, nami nilikuwa nimechoka kurudi nyuma. Palipoyumba kulia nilikaza kushoto. Palipoyumba kushoto nilikaza kulia. Nati zililia, nami nikaongeza robo nyingine.

Alasiri gurudumu lilizunguka mbele ya ncha ile bila kutikisika hata kiasi cha unywele. Nililitazama mpaka machozi yakanitoka. Sikuzigonga spoki nizisikilize. Niliona macho yangu yananitosha.

Sikumwambia Baba, naye akadhani Swalehe amelipitia tena. Nilikusudia kumwambia baada ya wiki kadhaa, akiwa ameshalisifu gurudumu bila kujua anamsifu nani. Jumapili ile alirudi kutoka Miyuji akicheka.

"Swalehe safari hii kajitahidi. Halina hata sauti! Shangazi yako kanifukuza."

"Kakufukuza?"

"Nimeingia kimya, akashika fimbo. 'Nani huyo?' Nikamwambia ni mimi. 'Wewe nani? Ndugu yangu nakujua unafika tangu ukiwa kwenye kona, tsha, tsha, tsha. Leo umekuja kama mwizi wa kuku. Mwambie fundi airudishe sauti ya ndugu yangu.'"

Nilicheka naye. Nimelirudia kicheko hicho kichwani mara nyingi kuliko mstari wowote niliowahi kuukariri kwa mtihani.

Jumapili ya tatu Baba alivuka korongo lililo njiani, mahali alipovuka maisha yake yote, na gurudumu likakunjika chini yake. Watu waliokuwa wakichimba mchanga waliniambia walisikia milio mitatu mfululizo, kisha baiskeli ikapiga magoti. Walimbeba kwa mkokoteni mpaka barabarani. Nyonga ilivunjika. Madaktari walisema kwa umri wake na moyo wake hawataweza kumpasua. Alale, mguu uvutwe kwa uzito, tungoje.

Baiskeli waliniletea nyumbani. Nililitazama gurudumu pale uani nilipolinyooshea. Spoki tatu zilikuwa zimeng'oka na kutoka na kipande cha ringi. Nyingine upande uleule zilikuwa zimekazika kama waya wa uzio, na za upande wa pili zilikuwa zinaning'inia. Hapakuwa na jambo la kubuni wala la kutafsiri. Ilikuwa kazi ya mkono wangu, robo kwa robo.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, kwa maana hilo la spoki ni dogo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Miyuji badala ya Baba, niliposhuka kwenye bajaji nikaingia kwa miguu. Shangazi alikuwa ameketi kando ya mizabibu, uso ameuelekeza kwenye kona.

"Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo. "Nani anayekuja bila baiskeli?"

Nikamweleza. Alipapasa jani la mzabibu. Kisha akauliza, "Gurudumu lilikuwa na nini?"

Nikasema, "Lilikuwa limetoka kwa Mzee Swalehe wiki chache tu zilizopita."

Itazame sentensi hiyo, mwanangu. Haina neno la uongo hata moja. Ningeweza kuitetea mbele ya jopo lolote la wasomi. Niliichagua kama mtu anavyochagua jiwe linalotosha kiganja chake, na ilifanya kazi niliyoituma: Shangazi akatikisa kichwa na kusema, "Kumbe Swalehe naye kazeeka." Aliwaambia waliokuja kumwombea. Wao wakawaambia wa Nkuhungu. Kabla uji wa mgonjwa haujapoa, kama wasemavyo wapishi wa maneno, mtaa wote ulijua kwamba fundi Swalehe amemwangusha Mzee Yoeli. Watu waliomletea baiskeli wakaanza kuzisukuma kupita kibanda chake kwenda kwa mafundi vijana wa barabarani.

Mzee Swalehe mwenyewe alikuja nyumbani kumjulia hali Baba, ambaye tulikuwa tumemrudisha akalalie kitanda chake. Nilimwona kutoka mlangoni. Kabla ya kubisha hodi alikwenda kwenye gurudumu lililoegemea ukuta, akachuchumaa, akafumba macho, akazigonga spoki zilizobaki. Zile zilizokazwa ziliita kwa sauti nyembamba mno. Akafumbua macho, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja.

Akaingia. Baba akamwambia, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa na rafiki, "Swalehe, miaka yote hii. Siku ile ulikuwa na haraka gani?"

Mzee Swalehe akageuka tena kunitazama, nikaona amenifungulia mlango mpana kabisa, nami ningeweza kuupita kwa maneno matatu. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nayapima: je, moyo wa Baba utastahimili? Je, si bora apone kwanza? Je, nieleze na habari ya kutu? Nilikuwa bado napima aliposema yeye.

"Nisamehe, Yoeli. Mikono imezeeka."

Baba akageuzia uso ukutani. Mgeni alipoondoka, akanishika mkono. "Heri lile gurudumu ungeliangalia wewe, mama. Wewe una umakini."

Shangazi Raheli alifariki Baba akiwa bado hawezi kuketi. Siku ya maziko aliomba tumgeuze kitanda uso wake uelekee Miyuji. Tukamgeuza. Aliniuliza saa ngapi wanashusha jeneza, nikamwambia, akaanza kusimulia habari za ndama aliyepotea, akafika nusu na kukoma, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumbishia. Mvua zilipoanza alimfuata dada yake. Alikwenda akiamini mambo mawili: kwamba rafiki yake alimfanyia kazi ya ovyo, na kwamba mwanawe angeifanya vizuri. Yote mawili hayakuwa kweli, na mtu pekee aliyeweza kumsahihisha alikuwa ameketi kando yake akimpepea nzi.

Kwenye maziko ya Baba, Mzee Swalehe alisimama nyuma ya watu wote. Nilisikia minong'ono. Baada ya hapo kibanda kilifungwa, na nikaambiwa amerudi Kolo kwa binti yake.

Utaniuliza kwa nini sikumfuata upesi. Nilikuwa nikiandaa namna ya kusema. Niliandika barua nikazichana, kwa kuwa kila moja ilikuwa na kifungu cha kujitetea, na kila nilipokitoa kilijitokeza kingine. Tasnifu niliimaliza, ikapita. Kazi nilipata. Miaka ikawa mingi kuliko ninavyoweza kuieleza kwa heshima. Hatimaye, mwaka niliorudi chuoni hapa, nilipanda basi la Kondoa nikiwa na gurudumu lile limefungwa kwa gunia, nikashuka Kolo mchana. Vijana wanaowaongoza wageni kwenda kwenye michoro ya mapangoni walidhani nami nimefuata michoro. Nikawauliza nyumba ya Mzee Swalehe. Walinipeleka kwenye kibaraza cha duka, walipokuwa wameketi watu wengi.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa sauti ya chini, sisi wawili. Nikamwamkia. Hakuitikia. Binti yake akacheka kwa upole. "Mpigie kelele, dada. Masikio yamekufa."

Yeye aliyekuwa akisikiliza spoki.

Nikamsogelea. "Mzee, mimi ni binti wa Yoeli!"

"Nani?"

"Binti wa Yoeli! Wa Nkuhungu! Zile spoki nilizikaza mimi!"

"Unasemaje?"

"Nilizikaza mimi! Baada yako! Baba aliangushwa na mimi!"

Mtu aliyekuwa akipimiwa sukari aligeuka, mfuko mkononi. Mzee Swalehe alinitazama kwa muda mrefu kwa macho yaleyale yaliyokuwa yakingoja mlangoni petu.

"Sauti hiyo, binti," akasema, "ilikuwa inatakiwa Nkuhungu."

Sikumsikia akisema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alinyoosha mikono, nikampa gurudumu. Akagonga spoki kwa ukucha, akainamisha kichwa kwa mazoea, akagonga tena, kisha akaacha. Alipapasa ringi kwa kidole mpaka akafika kwenye nyufa.

"Hii haitengenezeki," akasema, akanirudishia. "Hata ukilegeza zote, chuma kimeshachanika."

Nilirudi nalo Dodoma kwa basi la mchana uleule. Lipo ukutani chumbani kwangu hapa Miyuji. Umeliona, ukaniuliza kama ni pambo, nikabadilisha mazungumzo.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Jifunze kunyoosha gurudumu kwa mkono wako, nitakufundisha. Legeza kabla hujakaza. Usiyaamini macho peke yake. Gonga kila spoki usikilize, maana gurudumu linaweza kupendeza machoni huku spoki tatu zinabeba roho ya mtu. Ukifika kwenye punje ya uwele, weka spana chini. Usichukue uchungu wa jambo lililokushinda kwingine ukaumalizia kwenye chombo anachokipanda mtu. Na siku ukikosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kwa maneno machache na mabaya, kabla hujapata muda wa kuyapanga vizuri. Usijifiche nyuma ya sentensi iliyo sahihi. Mwenye kosa akinyamaza, kosa halikai bila mwenyewe. Humtafuta mtu mwema likamkalia. Mimi nilisema, na nilisema kwa sauti kubwa, lakini waliopaswa kusikia walikuwa chini ya udongo, na aliyebaki alikuwa kiziwi. Sijui kama kusema kwa namna hiyo kunahesabika. Nimelifikiri sana na sijapata jibu.

Njoo Jumamosi na baiskeli yako. Mungu akupe mkono mwepesi wa kulegeza na sikio lisilokimbia linachosikia. Wanaokungoja wakusikie tangu ukiwa kwenye kona. Na siku ulimi wako utakapokuwa mzito, Mungu auharakishe, wenye kukusamehe wangali hai.